Mtembezi Mbele ya Jabali la Bamiyan

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake, mas'ala yaelezwayo katika kurasa hizi ni haya: Mwislamu akisafiri kwa kutembea tu, si kwa biashara wala kwa kutafuta elimu, akafika mahali walipochonga watu wa kale sanamu kubwa la ibada yao, je, yafaa asimame alitazame? Na ikiwa yafaa, macho yake yana haki gani, na yana deni gani? Wako wasemao kuwa kutazama ni mlango wa kuabudu. Wako na wasemao kuwa jicho halina dhambi, basi na litazame lipendavyo. Kauli zote mbili zina upungufu, wala si rahisi kupata mahali padhihirishapo upungufu huo kama bonde la Bamiyan katika nchi ya Afghanistan.

Bonde hilo liko magharibi ya mji wa Kabul, katikati ya milima ya Hindu Kush, kadiri ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Zamani lilikuwa njia ya misafara ya biashara baina ya Bara Hindi, Uajemi na Uchina. Upande wake mmoja umesimama ukuta wa jabali, na katika ukuta huo watu wa dini ya Budha walichonga masanamu mawili yaliyosimama wima, kila moja ndani ya kidaka chake: la mashariki lilikuwa na urefu wa mita 38, na la magharibi mita 55. Kazi hiyo ilifanywa katika karne ya 6 na mwanzo wa karne ya 7. Miili ilichongwa katika jabali lenyewe, na mikunjo ya nguo ikafinyangwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha ikatiwa rangi. Kandokando yake yalichimbwa mapango kwa mamia, makao ya watawa na mahali pa ibada yao. Xuanzang, mtawa wa Kichina, alipita hapo kadiri ya mwaka 630 akaandika khabari za masanamu hayo na mapambo yake. Na mwaka huo wa 630 ndio alioingia Mtume Makka, rehema na amani zimshukie, akaisafisha Al-Kaaba.

Hapo ndipo ashikapo hoja yake yule akatazaye. Asema: Nabii Ibrahimu alivunja masanamu ya watu wake, na Mtume aliyavunja yaliyokuwa ndani ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu, basi itakuwaje mfuasi wao afunge safari, atoe mali yake, akasimame mbele ya sanamu na kulistaajabia? Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa msingi wake ni tauhidi, na tauhidi ndiyo dini. Lakini apimaye kitendo sharti atazame na sababu yake. Masanamu ya Makka yalikuwa yakiabudiwa siku ile ile, tena ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Mola mmoja. Avunjaye kinachoabudiwa humfundisha mwenye kukiabudu. Ama mahali pasipokuwa na mwenye kuabudu, avunjaye amfundisha nani?

Na dalili iliyo wazi zaidi ni watu wa bonde lenyewe. Uislamu ulipotua Bamiyan, watu waliacha dini ya Budha, na masanamu yakabaki mahali pake. Kwa kadiri ya miaka 1,000 Waislamu wakalima mashamba yao chini ya miguu ya masanamu yale, wakaswali, wakaoa, wakazika maiti wao, wala hakutokea kizazi kilichorudi kuyasujudia. Yakut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliyataja katika kitabu chake cha miji, na kabla yake Al-Biruni aliandika juu yake. Na imani ya wanachuoni hao haikupungua kwa kuyatazama. Wakazi wa bonde, ambao ni Wahazara, walifanya hadithi ya kuwa wale wawili ni Salsal na Shahmama, mwanamume na mwanamke waliopendana. Jiwe lililokuwa likiogopwa likawa hadithi ya kusimuliwa watoto usiku. Kadhalika Amr bin al-As alipoifungua Misri katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, sanamu la Abu al-Haul lilibaki katika mchanga wake, na lipo hata leo. Basi kauli ya kuwa kutazama ni kuabudu imekanushwa na karne kumi za Waislamu waliotazama kila asubuhi.

Lakini asije akafurahi upesi yule asemaye jicho halina dhambi. Katika miaka ya 1960 na 1970 wageni walikuwa wakifika Bamiyan kwa wingi kutoka nchi za mbali. Palikuwa na ngazi zilizochongwa ndani ya jabali, nao walipanda hata juu, wakasimama kichwani mwa sanamu wakalitazama bonde. Kupanda si kosa. Kosa ni la yule apandaye, akapiga picha, akashuka, akaenda zake, asijue hata jina la aliyemchotea maji. Kwake yeye jiwe lina khabari, na mtu aliye chini ya jiwe hana. Macho ya namna hiyo hayasujudu, ni kweli. Lakini yametukuza kilichochongwa kuliko aliyeumbwa, na hilo nalo ni jambo la kuogopwa na mwenye dini.

Ubaya wa mizani hiyo ulidhihirika mwaka 2001. Mwezi wa Julai 1999 Mullah Omar, mkuu wa Taliban waliokuwa wakitawala, alikuwa ametoa amri kuwa masanamu yahifadhiwe, kwa kuwa Afghanistan haina tena Mabudha wa kuyaabudu, na kwa kuwa wageni wajao kuyatazama huenda wakaiingizia nchi mali. Kisha tarehe 26 Februari 2001 akageuza, akaamuru yavunjwe. Ujumbe wa wanachuoni wa Kiislamu ulikwenda Kandahar kumnasihi, na miongoni mwao alikuwamo Yusuf al-Qaradawi, na Nasr Farid Wasil aliyekuwa Mufti wa Misri; hakuwasikiliza. Masanamu yakapigwa mizinga, kisha yakatiwa baruti, na kazi hiyo ikachukua siku nyingi za mwezi wa Machi. Dalili aliyoandika mwenyewe mwaka 1999 ilikuwa haijabadilika: Mabudha wa kuabudu walikuwa hawapo, na mwaka 2001 hawakuwapo vile vile.

Dunia nzima ikapiga kelele, na ilikuwa haki yake. Lakini mwezi wa Januari wa mwaka huo huo, katika wilaya ya Yakaolang iliyo katika jimbo hilo hilo la Bamiyan, askari wa Taliban waliwakusanya wanaume wa Kihazara, raia wasio na silaha, wakawapiga risasi. Waliouawa, kwa hesabu ya waliochunguza, walikuwa kadiri ya 170. Walikuwa Waislamu, na damu yao haramu. Tena nchi ilikuwa katika ukame, na watu wakihama kwa njaa. Ni wangapi katika walioyalilia masanamu walioisikia Yakaolang? Na ni wangapi waliosikia wakanyamaza, kisha wakalia mwezi wa Machi? Avunjaye jiwe akidhani ameitumikia dini, hali mikononi mwake mna damu ya waumini, amepoteza njia. Naye aliliaye jiwe asimlilie mtu ameipoteza kwa upande wa pili. Wote wawili wameshughulishwa na sanamu hata wasimwone binadamu aliye kando yake.

Leo vidaka viwili vya Bamiyan viko wazi, na bonde liliandikwa mwaka 2003 katika urithi wa dunia ulio hatarini. Mwezi wa Juni 2015 taa zilielekezwa usiku katika kidaka kikubwa, hata likaonekana umbo la sanamu kwa mwangaza mtupu, na watu wa bonde wakatoka kutazama. Tangu mwaka 2021 Taliban wametawala tena, na wageni wamekuwa wakilipa tikiti kuingia kutazama mahali yalipokuwa masanamu. Mwenye akili na azingatie: waliobomoa ndio watozao ada ya kutazama ubomozi wao. Dalili ya mali iliyoandikwa 1999 imerudi, baada ya kuharibika chenye thamani.

Basi yafaa Mwislamu kwenda? Yafaa, kwa kuwa Qur'ani yenyewe yawaamrisha waja watembee katika ardhi, watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Na hawezi kutazama mwisho wao asiyetazama athari zao. Lakini ana madeni matatu. La kwanza ni nia: aende kwa kuzingatia, asiende kwa kujifakhiri kuwa amefika wasikofika wenziwe. La pili ni adabu: asiwadhihaki waliochonga, kwa kuwa walikuwa wakitafuta, na kumshukuru Mola kwa uongofu hakuhitaji kumcheka asiyeupata. Na adabu hiyo yatangulia kwa walio hai: amsalimu mwenye bonde kabla ya kuligeukia jabali, amuulize khabari zake, na amwachie chochote katika mali aliyoitoa kwa safari, maana ukoo ulio ndani ya pango una haki juu yake kuliko pango. La tatu ni kusema kweli arudipo: asisimulie urefu wa vidaka kwa mita akaisahau Yakaolang.

Na kwa mwenye kutimiza madeni hayo, jabali lile lina somo. Mwaka 1221 Wamongoli waliuteketeza mji wa Bamiyan na watu wake, hata magofu yake yakaitwa Mji wa Vilio, masanamu yakabaki. Miaka 780 baadaye masanamu yakaondoka, na watu wapo. Waliochonga wamekwisha, na waliovunja nao watakwisha. Kila chombo cha mkono wa mwanadamu kina siku yake, kiwe cha kujenga au cha kubomoa. Ila roho iliyodhulumiwa chini ya jabali hilo haipotei, itasimama mbele ya Mola wake kudai haki yake. Msafiri atakayerudi na khabari hiyo, hakwenda bure. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.