Njaa Ikikutuma Kazini, Umechagua Mwenyewe?



Leo tutafakari kidogo kuhusu kazi. Huko Afrika Kusini kuna mpango wa serikali uitwao Working on Fire, ulioanza mwaka 2003. Unachukua vijana wasio na ajira, unawafundisha kuzima moto wa nyika na misitu, kuchoma nyasi kwa utaratibu kabla ya msimu wa moto, na kukata mimea vamizi. Kwa kweli ni jambo jema. Kijana aliyekuwa anashinda kijiweni anapata ujuzi na heshima, na kazi ya uumbaji wa Mungu inapata mlinzi.

Mwaka 2016 moto mkubwa uliunguza Fort McMurray, jimbo la Alberta, Kanada. Vijana kama 300 wa mpango huo wakaenda kusaidia. Walipotua Edmonton waliimba na kucheza pale uwanjani, watu wakawashangilia. Siku chache baadaye ukazuka mgogoro wa malipo. Wakaacha kazi, wakarudishwa nyumbani mapema.

Mtu anaweza kusema: jamani, si walikubali wenyewe? Si wangeshukuru tu kwamba wamefundishwa?

Hapo ndipo penye swali. Anayekubali kazi ya hatari kwa sababu nyumbani hakuna chakula, amekubali kweli?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatumia mfano wa watu wanaotupa mizigo baharini wakati wa dhoruba. Wametaka? Ndiyo, wameamua wenyewe ili waokoke. Lakini bila dhoruba wasingetupa hata gunia moja. Basi na kijana yule amechagua. Tusimnyang'anye heshima ya uamuzi wake. Ila tusijifanye hatuioni dhoruba.

Tofauti ni kwamba dhoruba ya baharini haina mwenyewe. Ukosefu wa ajira una watu wanaoweza kufaidika nao. Ndiyo maana Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa kubanwa na shida, amedhulumiwa.

Sawa, fedha za umma ni chache, na anayejifunza anaweza kupewa posho ndogo. Lakini siku anaposimama mbele ya moto kwa ujuzi wake, si mwanafunzi tena. Mafunzo ni zawadi, ujira ni deni, na zawadi hailipi deni.

Kijana mwenzangu, ukipata nafasi ya mafunzo, ipokee kwa moyo na ujifunze kwa bidii. Kushukuru si kunyamaza. Na kesho ukiwa wewe ndiye unayeajiri, jiulize kabla ya kusaini: huyu angekubali malipo haya kama asingekuwa na njaa?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.