Msemo Nao Una Saa Yake

Jambo likishatokea, Kiswahili hakikosi la kusema juu yake. Mtu akifa, kazi ya Mungu haina makosa. Gari likipinduka, ajali haina kinga. Ndugu wakigombana mpaka wakafikishana mahakamani, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Duka likifilisika, ndiyo dunia. Maneno haya hayatafutwi, yako tayari mdomoni, na kwa kuwa hayatafutwi ni nadra mtu kuuliza yanafanya kazi gani. Mimi nataka kuuliza, maana naamini mengi kati yake tumeyahamisha kutoka mahali pake, na uhamisho huo umegharimu roho za watu.

Nianze kwa kuyatetea, kwa sababu yanastahili. Anayeingia matangani, akakaa mkekani, akamwambia mfiwa kwamba ajali haina kinga, hatoi taarifa kuhusu ajali. Mfiwa amekesha na laiti zake: laiti ningemzuia asisafiri siku ile, laiti ningempa nauli ya basi jingine, laiti ningepokea simu yake ya mwisho. Laiti hazina ukomo. Yaliyopita yanaweza kupangwa upya kichwani kwa namna elfu, na katika kila namna marehemu anarudi nyumbani salama. Msemo unakuja kuzifunga hizo laiti. Ni mkono begani, na kuupima kwa mizani ya kweli na uongo ni kuuonea.

Lugha yenyewe ililielewa hili zamani. Kwetu mtu hasemi tu kwamba baba yake amekufa, husema amefiwa. Mvua hainyeshi tu, mtu hunyeshewa. Akiingiliwa na mwizi ameibiwa, na yakizidi husema yamenikuta, yamenifika. Ni kama tukio halijakamilika mpaka litajwe limemwangukia nani. Kifo kimoja kina marehemu mmoja lakini wafiwa wengi, na kila mmoja wao ana haki ya kukitaja kama jambo lililomtokea yeye. Aliyefikwa namna hiyo hahitaji mjadala wa breki na mwendo kasi. Ukimpa mjadala huo pale mkekani, umemjibu swali ambalo hakuuliza.

Basi kasoro iko wapi, kama maneno ni mazuri hivi?

John Mbiti, mwanafalsafa na padri wa Kianglikana kutoka Kenya, alitumia maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alishikilia kwamba kwa mapokeo yetu wakati ni matukio yenyewe: yanayotokea na yaliyokwisha kutokea. Yasiyotokea bado, hasa ya mbali, karibu hayamo katika wakati. Wengi wamempinga, na mimi nawaunga mkono, kwa ushahidi wa methali tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Akiba haiozi. Tahadhari kabla ya hatari. Watu wasioijua kesho wasingetunga maneno kama haya. Zote zinazungumza na mtu ambaye jambo halijamtokea, aliyesimama mbele ya ufa huku ukuta bado umesimama.

Kwa hiyo tuna hazina mbili. Kuna misemo ya kabla, inayoonya, na kuna misemo ya baada, inayoliwaza. Wazee waliozitunga walijua kila moja inatolewa saa gani. Maneno yaleyale yanayofaa saa moja yanakuwa uongo saa nyingine, ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Sisi tumezichanganya saa. Tunatumia maneno ya baada wakati bado ni kabla, na nitaonyesha kwamba tunafanya na kinyume chake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imebeba watu zaidi ya 2,000, mara kadhaa ya idadi iliyoruhusiwa. Kabla haijang'oa nanga wapo abiria waliotazama msongamano ule wakakataa kupanda. Nawafikiria sana watu hao. Hawakuwa manabii, na hawakujua kuhusu bahari kitu ambacho wenzao hawakukijua. Waliona watu wengi mno kwenye meli, wakakichukulia kile walichokiona kuwa ni kweli. Kwao, saa ile, ajali ilikuwa na kinga, nayo ilikuwa ni kubaki gatini.

Miaka saba baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kufika Ukara kutoka Bugolora, Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kabla ya hapo kulikuwa na Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, ambako watu 272 walikufa kwenye kivuko kilichojaa kupita kiasi, karibu kabisa na nchi kavu. Kulikuwa na MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Kule abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina, wa daraja la tatu hawakuwa nayo, na ndiyo maana mpaka leo hesabu ya waliokufa inabishaniwa. Katika kila mmoja wa misiba hii, ajali haina kinga ilisemwa, na pale kwenye makaburi ilikuwa haki yake kusemwa. Kinachoniumiza ni kwamba maneno hayohayo, au ndugu zake, husemwa gatini na stendi siku yoyote ya kawaida. Chombo kimejaa, abiria ananung'unika, kondakta anamjibu: sogeeni ndani, Mungu mkubwa, tutafika. Mwingine anamalizia: siku yako ikifika imefika, hata ukikaa kitandani. Hayo ni maneno ya matanga, yanasemwa kwa watu walio hai, na kazi inayofanywa nayo hapo ni kumziba mdomo aliyeona ufa.

Wapo watakaosema hii ndiyo imani, na kwamba kuhoji ni kupungukiwa na tawakali. Sikubaliani nao, na masheikh wengi wa pwani hawakubaliani nao pia. Hadithi ya Mtume inayosimuliwa misikitini kila mara inamhusu bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga, akitegemea kudra. Akaambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kufunga kunatangulia na tawakali inafuata. Anayeivuta tawakali mbele ili asifunge kamba amegeuza mpangilio wa dini yenyewe, na akimsingizia Mwenyezi Mungu matokeo yake, anamwekea Mungu mzigo ambao ni wa mwenye chombo.

Na sasa kinyume chake. Maneno ya kabla yakiletwa baada huwa ni ukatili. Mama kampoteza mtoto kwa homa, na kabla udongo haujakauka jirani anamwambia: kinga ni bora kuliko tiba, ungemuwahisha hospitali. Methali ni ya kweli. Ingetangulia wiki mbili ingeokoa, leo inachoma tu. Wanaozoea kujisifu kwa kusema ukweli popote walipo wangetafakari hili: kuna kweli ambayo muda wake ukishapita, haibaki nayo kazi nyingine zaidi ya kumwadhibu mtu aliyekwisha adhibiwa.

Mbali na saa, kuna mdomo. Yaliyopita si ndwele, akisema aliyeumizwa, ni msamaha, na msamaha ni mali yake autoe au auzuie. Akisema aliyeumiza, amejisamehe mwenyewe kwa jina la mwenziwe. Agosti 1963 pale Nakuru, Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi wa Kizungu akawaomba wasameheane na watazame mbele. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kifungo na kizuizi cha karibu miaka tisa, na kwa miaka yake hiyo alikuwa na haki kamili ya kusema yaishe. Lakini wapo waliopigana msituni wakarudi hawana hata kipande cha shamba. Kwa hao, yaishe ilitamkwa na mtu mwingine, na malalamiko ya ardhi katika Bonde la Ufa hayakuisha kwa sababu ya kuambiwa yaishe. Wala msemo wenyewe hauwaungi mkono wanaoutumia kufunika mambo. Unasema tugange yajayo, na hakuna mganga anayeanza kazi bila kuuliza maumivu yalianza lini na wapi.

Sitaki nieleweke kwamba dawa ni kumtafuta mkosaji kila mara. Tuna fomula nyingine tunayoisikia katika taarifa za habari baada ya karibu kila basi kuanguka: chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva. Mara nyingi ni kweli. Lakini nayo hufunga mlango upesi kama ile ya kwanza, na mara nyingine dereva mwenyewe amekufa, hawezi kueleza alikuwa ameendesha saa ngapi bila kulala, nani alimpangia ratiba ile, na nani aliligonga muhuri gari lile kuwa ni zima. Mungu akitajwa, tunaacha kuuliza. Marehemu akitajwa, tunaacha vilevile. Katika hali zote mbili waliobaki hai na wenye mamlaka wanaondoka na mikono mitupu, hawana la kujibu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na si makubwa. Wanaoandika ripoti, wanaokaa kwenye tume na wanaosoma habari redioni waache ajali haina kinga nje ya kazi yao; waandike idadi ya abiria, uwezo wa chombo, na jina la cheo kilichotoa ruhusa. Nawe msomaji, ukiwa gatini au stendi, chombo kimejaa na mtu akakuambia Mungu mkubwa tutafika, mwitikie kwamba kweli Mungu ni mkubwa, kisha shuka, na umwambie na aliye nyuma yako ashuke.