Uzuri Wakati wa Ghadhabu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekifanya kizuri kila alichokiumba. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahali zake, na masahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, wako watu wasemao kwamba uzuri ni jambo la dunia tu, wala dini haina haja nao. Na wako wengine walioufuata uzuri mpaka ukawa ndio kibla chao. Makundi haya mawili yote yameuacha uzuri mahali pasipokuwa pake. Uzuri una nguvu ya kuzigeuza nyoyo za watu, na kwa nyoyo kugeuka hugeuka mambo ya ulimwengu. Basi nguvu kama hii yatupasa tuijue inakaa wapi.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba dini yetu haikuuchukia uzuri wa kuonekana kwa macho. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitahadharisha juu ya kiburi, aliulizwa khabari ya mtu apendaye nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Mtume akafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri naye hupenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mwenye kuvaa kanzu nzuri hana lawama. Lawama ni kumtazama mwenye kanzu iliyochakaa kana kwamba si mtu.

Lakini mwenye kuisoma Qur'ani kwa mazingatio ataona jambo la kustaajabisha. Neno "jamal", ambalo maana yake ni uzuri, limo katika Qur'ani mara moja tu, katika Suratun Nahl. Wala halikutajwa hapo kwa majumba ya wafalme wala kwa nyuso za watu, bali kwa mifugo irudipo jioni na itokapo asubuhi kwenda malishoni. Na neno "jamil", yaani chenye uzuri, limo mara saba, na katika mara saba hizo hakikusifiwa kwalo hata kitu kimoja cha kutazamwa. Vilivyosifiwa ni vitendo: subira mara tatu, kuachana na mke mara mbili, kusamehe mara moja, na kujitenga na wenye kuudhi mara moja.

Vizingatieni vitendo hivi vinne. Nabii Yaqub aliletewa kanzu ya mwanawe imepakwa damu ya uongo, na walioileta ni wanawe mwenyewe. Hapo ndipo alipoitaja subira iliyo nzuri. Mtume wetu alitukanwa Makka na kuitwa mwongo, akaamrishwa ajitenge nao kwa uzuri na asamehe kwa uzuri. Na mume aliyekwisha kuazimu kuachana na mkewe, mapenzi yamekwisha na maneno yamekwisha, ameamrishwa amwachilie kwa uzuri. Kila kitendo katika hivi hutokea katika saa ya machungu, saa ambayo mtu akifanya ubaya watu humpa udhuru, wakasema, "Angefanyaje, naye ameudhiwa?" Saa hiyo ambayo sisi twaona haidai uzuri wowote, ndiyo saa ambayo Qur'ani imeitaja kwa uzuri.

Na hapa ndipo ilipo siri ya nguvu yake. Mtu aliyekukosea huwa amejitayarisha kwa kisasi chako: amevaa ngao moyoni mwake, na amekwisha kuzipanga hoja zake. Ukimjia kwa ubaya, utamkuta yu tayari. Ukimjia kwa uzuri, ngao yake haina kazi tena. Kwa sababu hii Suratu Fussilat imetufundisha kuuondoa ubaya kwa lililo jema zaidi, ili yule mwenye uadui nasi apate kuwa kama rafiki wa karibu.

Ushahidi wa haya ni kisa cha Thumama bin Uthal, walichokipokea Bukhari na Muslim. Wapanda farasi wa Waislamu waliokwenda upande wa Najd walimteka Thumama, mkubwa wa watu wa Yamama katika kabila la Banu Hanifa, akafungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina. Mtume (S.A.W.) akamjia akamwuliza ana neno gani. Jawabu yake ilikuwa ya mtu ajuaye cheo chake: akiuawa, damu yake ina wenye kuidai, akifanyiwa hisani, atashukuru, na ikiwa yatakiwa mali, na itajwe. Siku ya pili ikawa hivyo, na siku ya tatu hivyo. Kisha Mtume akaamrisha afunguliwe, bila ya fidia na bila ya sharti.

Thumama akaenda kwenye mitende iliyokuwa karibu na msikiti, akaoga, akarudi kwa miguu yake mwenyewe, akatoa shahada. Akakiri mbele ya Mtume kwamba hapakuwa na uso, wala dini, wala mji aliouchukia kuliko wake, na sasa vyote vitatu vimekuwa ndivyo avipendavyo kuliko vyote. Angalieni, ndugu zetu: uso ni ule ule na mji ni ule ule. Kilichogeuka ni jicho la mwenye kutazama, nalo halikugeuzwa kwa upanga, ingawa upanga ulikuwapo na mwenyewe yu kifungoni.

Wala jambo hilo halikukomea kwa mtu mmoja. Thumama alikwenda Makka kufanya umra, akawaambia Makureshi kwamba haitawafikia hata punje moja ya ngano kutoka Yamama mpaka Mtume aruhusu. Wapokezi wa sira wametaja kwamba watu wa Makka walipata dhiki, wakamwandikia Mtume kumwomba, naye akaruhusu chakula kiwafikie, ilhali ni hao hao waliomtoa katika mji wake. Hisani aliyofanyiwa mfungwa mmoja ikafika mpaka kwenye mkate wa mji mzima.

Katika kisa hiki mna funzo ambalo wengi hulipita. Aliyefanya uzuri ndiye aliyekuwa na nguvu. Mfungwa hakuambiwa asubiri huku kamba zinamkata. Basi uzuri hudaiwa kwanza mwenye uwezo: mume kabla ya mke, mwalimu kabla ya mwanafunzi, tajiri kabla ya mtumishi, mzazi kabla ya mtoto. Twalisema hili kwa sababu wako watu walioigeuza subira nzuri kuwa kufuli. Mke akipigwa, huambiwa asubiri. Mtumishi akinyimwa mshahara wake, huambiwa asubiri. Na yule apigaye na yule anyimaye haambiwi neno. Hiyo si subira iliyosifiwa katika Qur'ani. Nabii Yaqub hakuuita uongo wa wanawe kuwa ni kweli: aliwaambia wazi kwamba nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo lile. Mwenye kudhulumiwa anayo haki ya kwenda kwa Kadhi, na kwenda kwake hakumtoi katika subira.

Sasa na tulitazame jambo la talaka, kwani uzuri umetajwa hapo mara mbili, zote katika Suratul Ahzab, na mara zote mbili umetajwa pamoja na mut'a, yaani maliwazo apewayo mke anayeachwa. Katika nchi yetu ya Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka ya kuhukumu mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wenye kuridhia kuhukumiwa huko. Lakini hakuna mahakama iwezayo kumlazimisha mtu awe mzuri. Kadhi aweza kuamuru mali itolewe. Hawezi kuamuru itolewe kwa mkono usiotupa. Aweza kuamuru matumizi ya watoto. Hawezi kuuzuia ulimi wa baba usimtukane mama yao mbele yao.

Twawaona watu waliofanya harusi za siku tatu, wakapamba nyumba kwa taa na wakalisha mtaa mzima. Kisha siku ya kuachana, mke hutolewa usiku, na nguo zake hutupwa ukumbini, na siri zake husimuliwa barazani. Uzuri wote waliutumia siku ambayo hata asiye na dini huweza kuwa mzuri. Ilipofika siku iliyotajwa na Qur'ani, hawakubakiwa na kitu. Wazee wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, zilijengwa kinyume cha mkakasi huo. Apitaye njiani, akiuacha mlango, huona ukuta mtupu. Pambo lenyewe, zile zidaka zilizochongwa kwa chokaa, limewekwa ndani, kwa ajili ya wenye kuishi humo. Basi na tujengeke hivyo. Waliomo nyumbani mwetu ndio wenye haki ya kwanza ya uzuri wetu, kabla ya wapita njia.

Na kila mmoja wetu amtafute leo yule ambaye ana nguvu juu yake na ana kinyongo naye: mtalaka wake, mdeni wake, mwanafunzi wake mkaidi, ndugu waliyegombana kwa mirathi. Amfungulie kamba yake, wala asimwekee sharti. Huenda akarudi kwa miguu yake mwenyewe, na huenda asirudi. Thawabu haikusimama juu ya kurudi kwake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, aliye mzuri na mwenye kupenda uzuri, azipambe tabia zetu kama alivyoyapamba maumbile yetu, na atujaalie tuwe wazuri katika saa ya ghadhabu kama tulivyo katika saa ya furaha. Amin.