Kijembe cha Simu Hakina Mpatanishi

Mjukuu wangu, weka simu hiyo chini kidogo, unisikilize.

Nawaona mnavyoishi siku hizi. Mtu akikukera, humwendei. Unaandika kijembe kwenye status, kisha unakesha unatazama nani amekisoma. Nakuomba, acha.

Usidhani sisi hatukusemana kwa mafumbo. Pwani hii imelelewa nayo. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake ya leso, yaani kanga, Mombasa mwaka 1887, na kanga zilipokuja kuandikwa maneno, wanawake walipata njia ya kumwambia jirani lisilosemeka kwa mdomo. Lakini aliyejifunga kanga ya kijembe alipita nayo mwenyewe mbele ya mlango wa mwenziwe. Uso wake ulionekana. Aliyechomwa aliweza kumsimamisha: "Bibi wee, wanikusudia mimi?" Mambo yakizidi, shangazi au jirani mtu mzima aliwaita wote wawili, chai ikatengwa, wakasemezana mpaka yakaisha.

Kijembe chenu cha simu, nani atawapatanisha? Neno lisilo na anwani, mjukuu wangu, hugonga kila mlango. Ulimkusudia wifi yako. Kaliona mama mkwe, kaliona na rafiki anayekudai, kila mmoja kajiona ndiye anayesemwa. Saa 24 zikipita, linafutika kwenye simu. Vifuani mwa watu limebaki.

Nimeona linakoishia. Nawajua ndugu wawili, tumbo moja, walioanza na maandishi ya mstari mmoja tu. Huyu akanuna, yule akamfungia kwenye simu. Harusi ikapita, hawakualikana. Mtoto akazaliwa, shangazi yake hakumpakata. Baba yao alipofariki, walikaa matanga kila mmoja na upande wake, wageni wakitoa pole mara mbili katika nyumba moja. Na yule aliyeandika anaapa hadi leo kwamba hakuwa akimsema nduguye. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Uliza, mwanangu. Nakusihi, uliza. Anayekisia moyo wa mwenziwe husoma wake. Umeandikiwa "sawa" kavu, wewe unaijaza hasira. Huenda mwenzio alikuwa kwenye daladala, mkono mmoja ameshika bomba. Maandishi hayana sauti wala macho. Mpigie, umsikie.

Wala usingoje mwenzio aanze. Wanaongojeana huzeeka bila kuonana, nami nimewazika wa namna hiyo. Wapo waliolia kaburini maneno ambayo yangesemwa barazani kwa dakika chache, mtu akaenda zake kula.

Basi nisikilize, tafadhali. Leo, kabla hujalala, nenda kwa yule mliyenuniana. Piga hodi. Mwamkie kama ulivyofunzwa, umuulize habari za watoto, usiharakishe. Kisha mwambie, "Jambo lile liliniuma. Ulikusudia nini?" Halafu nyamaza, umwache aseme mpaka amalize.