Dua ya Mwenye Kungoja Matokeo

Ndugu msomaji, kijana mmoja wa Manzese, Dar es Salaam, aliyehitimu uhandisi wa ujenzi, ameuliza swali ambalo naona si lake peke yake. Amemaliza mafunzo ya kazi, amepeleka ripoti zake, amekwisha hojiwa na wataalamu, na sasa anangoja jibu. Anauliza: Je, yafaa kumwomba Mungu anifaulishe, hali yaliyoandikwa yamekwisha andikwa na yaliyosemwa yamekwisha semwa? Na nikiomba kisha nikashindwa, je, ndiyo kusema Mungu hakunisikia?

Kabla ya kujibu, yafaa tufahamu ni kitu gani hasa kinachongojwa. Wengi hudhani kwamba mtu akitoka chuo kikuu na shahada yake mkononi, basi amekwisha kuwa mhandisi kamili. Sivyo. Tanzania inayo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa Sheria namba 15 ya mwaka 1997, iliyoshika mahali pa sheria ya mwaka 1968. Mwenye shahada husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi chini ya macho ya mhandisi mzoefu, kwa kawaida kwa muda wa miaka 3, na tangu mwaka 2003 upo mpango maalumu wa mafunzo hayo. Huandika aliyoyafanya, kisha husimama mbele ya wakubwa wa fani yake ili apimwe: udongo ule uliupimaje? Kwa nini ulichagua nguzo hii na si ile? Wakiridhika naye ndipo huitwa mhandisi mtaalamu, hupata muhuri wake, na hula kiapo. Kwingineko njia ni nyingine; Marekani, kwa mfano, wanao mtihani wa maandishi wa saa 8. Lakini shabaha ni moja.

Shabaha gani? Wakazi wa Dar es Salaam hawana haja ya kuelezwa mengi. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka, na watu 36 walipoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa katika biashara zao, na waliokufa walizidi 20. Mnunuzi aingiapo dukani haombi aonyeshwe hesabu za nguzo. Ameiweka roho yake mikononi mwa mtu asiyemjua hata kwa jina. Kwa lugha ya dini, hii ni amana. Na Kurani Tukufu, katika sura Annisai, imeamrisha kwamba amana wapewe wale wanaostahili kupewa.

Sisemi kwamba kila jengo lianguka kwa sababu ya mtu asiyesajiliwa. Hata mjuzi mwenye sifa hukosea. Huko California, mhandisi mashuhuri William Mulholland, ambaye alijifunza kazi mwenyewe bila chuo, alilikagua bwawa lake la St. Francis tarehe 12 Machi 1928 akasema ni salama. Lilibomoka usiku ule ule kabla ya saa sita, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kuwasajili wahandisi wa ujenzi. Heshima ya mtu haikutosha tena. Ilitakiwa apimwe na wengine.

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ya kupima wataalamu ni uzushi wa wazungu wa karne hizi mbili. La, hasha! Mtukufu Mtume s.a.w. amefundisha kwamba mtu anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi madhara atakayoleta yako juu yake. Na katika mwaka 319 Hijria, yaani 931 baada ya Nabii Isa a.s., Khalifa Al-Muktadir wa Baghdad alipata habari kwamba mtu mmoja amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka kwanza apimwe na tabibu wake mkuu, Sinan bin Thabit, na apewe hati yenye kuonyesha ni kazi ipi aruhusiwayo kuifanya. Waandishi wa historia wanasema kwamba waliopimwa walikuwa zaidi ya 860, mbali na wale mabingwa ambao ujuzi wao ulikuwa hauna shaka.

Wanasimulia pia kwamba alikuja mzee mmoja, amevaa vizuri, ana haiba. Sinan akamkalisha kwa heshima, akangoja asikie elimu yake. Walipobaki wawili, mzee akamwekea dinari mbele yake akakiri kwamba hajui hata kusoma na kuandika, ila ana watoto wa kulisha, na akamsihi asimkatie riziki yake. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti kwamba asiingilie ugonjwa asioujua wala asitoe dawa kali. Kesho yake akaja kijana mzuri. Alipoulizwa amesoma kwa nani, akajibu: kwa baba yangu, ambaye ni yule mzee aliyekuwa kwako jana. Sinan akamruhusu naye kwa sharti lile lile. Mimi naona tabibu yule alikuwa mpole kupita kiasi. Huruma yake iliwafikia mzee na mwanawe, lakini wagonjwa wao hawakuwapo pale kujisemea.

Sasa turudi kwenye dua. Je, yafaa kuomba baada ya kazi kukabidhiwa? Naam, yafaa sana. Jibu ambalo sisi hatujaliona halijawahi kufichika kwa Mwenyezi Mungu, Naye alijua tangu zamani kwamba leo utaomba. Basi kusema kwamba umechelewa ni kumpima Mungu kwa saa ya ukutani. Lakini yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumwomba Mungu kwamba kazi yako njema ionekane kuwa njema, na usidhulumiwe, hiyo ni dua. Bali kumwomba awafumbe macho watahini wasione kwamba hesabu yako ya msingi ilikuwa mbovu, huko ni kumtaka Mwenye haki akusaidie kumdanganya mtu atakayelala chini ya zege lako. Mbele za Mungu yuko yule anayeomba cheti, na yuko pia mama atakayepanga chumba katika jengo hilo, aombaye kila usiku alindwe na wanawe. Je, wadhani Mungu asikie dua ya mmoja tu?

Kwa hiyo sisi tumefundishwa istihara. Ndani yake mja haishiki shingo ya jambo moja. Husema kwamba ikiwa jambo hili ni la heri kwake katika dini yake na maisha yake, basi alipate kwa wepesi. Na ikiwa ni la shari, liepushwe naye, naye aepushwe nalo, kisha ajaaliwe kuridhika na heri popote ilipo. Anayeomba hivi hawezi kusema kwamba hakusikiwa. Tena Mtukufu Mtume s.a.w. ameeleza kwamba dua ya Mwislamu, isipokuwa ya dhambi au ya kukata udugu, hujibiwa kwa mojawapo ya njia tatu: hupewa alichoomba, au huwekewa akiba ya Akhera, au huepushwa na ubaya wa kiasi hicho hicho.

Wapo wanaokwenda kwa waganga katika siku hizi za kungoja, wakapigiwa ramli na kufungiwa hirizi. Sitarefusha hapa. Mtu aliyesoma miaka minne jinsi uzito unavyoshuka katika nguzo mpaka ardhini, kisha akaamini kwamba karatasi iliyoshonwa katika ngozi itamfanya mjuzi, ameidharau elimu yake pamoja na imani yake.

Liko jaribu jingine, gumu zaidi, hasa mahali kama Manzese, ambapo zamani palikuwa sehemu ya Kinondoni na sasa pamo katika Manispaa ya Ubungo. Nyumba zimebanana, na tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, ardhi iliyo karibu na barabara hiyo ni mali. Mwenye nyumba ya vyumba sita, ambayo msingi wake ulichimbwa kwa bati na matofali tu, anataka kupandisha ghorofa. Anamjua kijana wa jirani. Mtaa mzima unamwita Injinia. Anamjia jioni: mwanangu, wewe si umekwisha hojiwa, unangoja karatasi tu? Nichoree, usimamie mafundi, hapa pana kitu kidogo. Na kijana hana mshahara, na kodi inadaiwa.

Ndugu yangu uliyeuliza, hapa ndipo dua yako itakapojulikana ukweli wake. Ukimwomba Mungu usiku akupe amana, na mchana ukajichukulia mwenyewe kabla hajakupa, umeomba nini? Mwambie mzee huyo kwa adabu kwamba bado hujasajiliwa, na kwamba msingi wake sharti uchimbuliwe upimwe kwanza. Mpeleke kwa mhandisi mwenye muhuri, nawe ufanye kazi chini yake, kwa maana hilo umeruhusiwa. Huenda akakasirika akamtafuta mwingine. Umekosa fedha, lakini hukuiuza roho ya mpangaji.

Na jibu likija kwamba hukufaulu? Kurani Tukufu, katika sura Al-Bakara, imetukumbusha kwamba huenda mtu akakichukia kitu nacho kina heri kwake. Aya hii si ya kujifariji tu ukiwa umelala. Hujavuliwa chochote, ungali mhandisi mhitimu. Usinune mwezi mzima, wala usiseme kwamba wamekuonea kabla hujajua walichokiona. Sali rakaa zako mbili, na asubuhi yake umwendee mhandisi aliyekufundisha kazi, umfungulie ripoti yako, mtafute pamoja ni ukurasa gani uliowatia shaka. Kama ni udongo, omba upelekwe mahali wanapopima udongo. Kama ni nondo na zege, rudi eneo la ujenzi ukasimame pale zege linapomwagwa, na daftari lako mkononi.