Msafiri Naye ni Jirani

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walijua ya kuwa mgeni huleta habari na msaada, na ya kuwa nyumba isiyofungia watu mlango haikosi baraka. Lakini mwaka 2020 methali hiyo iliingia katika majaribu makubwa. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini mwetu, mtu aliyefika Arusha akitoka Ulaya. Tangu siku hiyo wenyeji wengi waliacha kumtazama msafiri kama mwenye kuleta uponyaji, wakamtazama kama mwenye kuleta maradhi.

Mwezi Mei mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Mabasi yamejaa tena, na barakoa zimewekwa kando. Hata hivyo jambo lenyewe halikwisha. Mwaka 2023, na tena mwaka 2025, maradhi ya Marburg yalizuka mkoani Kagera. Mengine yatakuja, nayo yatapita barabara zile zile tunazopita sisi. Basi yafaa tuulize sasa, tungali katika utulivu: Maradhi ya kuambukiza yanapoenea, msafiri ana wajibu gani kwa mwenyeji, na mwenyeji ana wajibu gani kwa msafiri?

Sisi wa Mpwapwa swali hili si geni kwetu. Zamani za misafara mji huu ulikuwa kituo ambapo wapagazi walipumzika na kuteka maji, kabla ya kuikabili nyika kavu ya Marenga Mkali. Misafara ilileta nguo na shanga, ikaleta na ndui. Mwingereza Richard Burton, aliyepita milima ya Usagara mwaka 1857, aliandika habari za wapagazi wenye ndui walioachwa njiani wafe peke yao. Tena mwaka 1918 homa kali ya mafua ilienea ulimwenguni kwa meli, kwa gari moshi na kwa majeshi, ikaikuta Ugogo imekwisha dhoofishwa na njaa ile ya Mtunya. Maradhi, basi, husafiri pamoja na watu, wala haikupata kuwa vingine.

Je, watu wasisafiri? La. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alihesabu uhuru wa kwenda na kuhama miongoni mwa haki za binadamu. Lakini katika barua hiyo hiyo alifundisha kwamba kila haki imefungamana na wajibu. Ajijuaye kuwa ana homa ya kuambukiza, akaificha ili asiikose nafasi ndani ya basi, ametenda kosa dhidi ya Amri ya Tano, maana ameyahatarisha maisha ya watu wasio na habari. Wajibu wa kwanza wa msafiri, basi, ni kusema kweli.

Hapo ndipo lilipo fundo la jambo hili. Kweli hiyo ataisema kwa nani? Tukumbuke yaliyowapata madereva wa malori mwaka 2020. Wao waliendelea kuendesha, kwa maana pasipo wao mahindi yangeozea ghalani na dawa zisingefika hospitalini. Mwezi Mei Kenya ilifunga mpaka wake na nchi yetu kwa abiria, ikaruhusu mizigo tu. Rwanda ikaagiza madereva wabadilishane mpakani Rusumo. Serikali zina haki ya kuwalinda raia wao, na kupimwa si tusi. Lakini madereva walikaa siku nyingi katika foleni, na mahali pengi jina la dereva likawa kama jina la maradhi yenyewe. Watu walewale waliongoja mzigo wake hawakutaka kumwona mwenye kuuleta.

Mtu akijua kwamba akisema "naumwa" atafukuzwa, atanyimwa kitanda, naye atapoteza na kazi yake, mara nyingi atanyamaza. Kikohozi atakizuia, vidonge atavimeza kwa siri, na safari ataendelea nayo. Kwa hiyo dharau ya mwenyeji huzaa uongo wa msafiri, na uongo huo hueneza maradhi yale yale aliyoyaogopa mwenyeji. Anayemdharau mgonjwa adhani kwamba anailinda nyumba yake, kumbe anaifungulia hatari.

Mtu atasema: Je, tusijikinge? Tujikinge. Wafugaji wetu wanalijua jambo hili. Ng'ombe akishikwa na homa ya mapafu, mwenye zizi humtenga na kundi. Lakini humpelekea maji na majani huko alikotengwa. Je, binadamu, aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, atapewa pungufu ya hayo? Bwana wetu mwenyewe alipomponya mwenye ukoma alimgusa kwanza, kisha akamwagiza aende kwa kuhani akaangaliwe kama sheria ilivyotaka. Hakuidharau sheria, wala hakumdharau mgonjwa.

Basi, wasomaji wapenzi, tujizoeze mapema. Mwenye nyumba ya wageni atenge chumba kimoja cha mgonjwa, asimrudishe barabarani usiku. Mwenye basi amrudishie nauli abiria aliyekiri kuwa anaumwa, ili kusema kweli kusiwe hasara. Mwenye lori asimkate mshahara dereva na utingo wake waliozuiliwa kwa ajili ya vipimo. Na wenye mamlaka wanaofunga njia wahakikishe kwamba waliozuiliwa hapo wana maji, chakula na choo. Nasi Wakristo, kila tuonapo mtu aliyelala kando ya njia, tuukumbuke mfano wa Msamaria Mwema: naye alikuwa msafiri, na aliyemhudumia alikuwa msafiri mwenzake.