SUBIRA NI YA PIGO LA KWANZA: Siku za Mwanzo za Kuacha Sigara

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ninawausia ninyi, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu.

Ijumaa hii tunasema na ndugu ambaye amekwisha kukata shauri. Tumbako haikujulikana Uarabuni wakati wa Mtume (s.a.w.), ilitoka Amerika baada ya mwaka 1492. Kwa hiyo wanachuoni waliipima baadaye: wako waliosema ni makruhu, na wengi wa zama zetu wanasema ni haramu, kwa kuwa madhara yake yamekuwa wazi. Mwenyezi Mungu ametukataza kujiua (Suratun-Nisaa, aya ya 29) na kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu (Al-Baqara, aya ya 195). Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbako inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni 1 na nusu hawakuvuta wao. Walivuta moshi wa wenzao. Nani hao? Ni mke, ni mtoto, ni rafiki wa karibu.

Ndugu yangu, hayo unayajua. Umeacha mara ngapi? Asubuhi umetupa paketi, jioni umenunua sigara moja pale butiki. Hukushindwa kwa kukosa imani. Ulishindwa kwa sababu hukuambiwa siku za kwanza zikoje.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwa mwanamke aliyekuwa analia kaburini, akamwambia amche Mungu na asubiri. Mwanamke hakumtambua, akamfukuza kwa maneno: wewe hukupatwa na msiba wangu. Alipoambiwa kwamba yule ni Mtume, alikwenda mlangoni kwake kuomba radhi. Akajibiwa kwamba subira ya kweli ni ile ya pigo la kwanza.

Tazama hekima hiyo. Baada ya mwezi kila mtu amekwisha kuzoea. Thawabu na ushindi viko pale pigo linapoanguka. Na kuacha sigara ni hivyo hivyo: vita yake kubwa iko katika siku tatu za kwanza.

Ndani ya tumbako mna kitu kinachoitwa nikotini. Ubongo wa mvutaji umekizoea, na ukikikosa unapiga kelele kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Mtu anakuwa na hasira, usingizi unakatika, kichwa kinauma, njaa inazidi, mawazo hayatulii. Mara nyingi siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Kisha inapungua kidogo kidogo, na kwa wengi inatulia baada ya juma mbili mpaka nne. Basi ukiona hali hiyo usiseme: sigara ndiyo dawa yangu. Ni sumu inayotoka, nayo haitoki kimya.

Na ujue jambo hili, ulishike vizuri: kila hamu inapokuja haikai. Inapanda, inafika juu, inashuka, kwa dakika chache tu. Ni muda wa kutia udhu na kuswali rakaa mbili. Hatukuambii uvumilie miaka kumi. Vumilia rakaa mbili, na ikirudi tena, vumilia rakaa mbili nyingine.

SIKU YA KWANZA. Usiseme: nimalize kwanza paketi hii. Kumbuka pombe ilipoharamishwa. Anas bin Malik alikuwa anawanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, mpiga mbiu akapita. Waliimwaga saa ile ile, ikatiririka katika njia za Madina. Hawakuomba muda wa kumaliza kilichobaki. Nawe vunja sigara zako, gawa kiberiti chako kwa mama jikoni, fua nguo zenye harufu. Waambie watu wa nyumbani: leo nimeanza, mnisaidie. Jua kwamba ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo yameanza kushuka, na katika nusu siku ile hewa mbaya ya moshi iliyoshika damu yako imepungua sana.

SIKU YA PILI. Hasira itakuja. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye hasira akae kama amesimama, na alale kama hasira haijamwacha. Hasira ya tumbako si ruhusa ya kumpiga mke wala kumtukana mtoto. Atakayeacha moshi akaanza dhuluma amehama shimo moja akaingia lingine. Kinywa kinataka kitu? Kipe mswaki, ambao ni sunna. Kipe maji, kipande cha muwa, karanga. Mikono inataka kazi? Ipe tasbihi ao jembe. Punguza kahawa, maana inamkumbusha mvutaji sigara yake na kumnyima usingizi.

SIKU YA TATU. Hapo Shetani anakuja na neno tamu: umekwisha kushinda, onja moja tu. Usimjibu. Siku hiyo usikae barazani penye moshi. Wewe wa motari, usisimame kwenye maegesho pamoja na wavutaji. Wewe mvuvi wa Tanganyika, unayesema sigara inafukuza baridi ya usiku, beba chai ya tangawizi katika termo. Njoo msikitini kati ya Magharibi na Isha, maana jioni ndiyo inayowaangusha wengi.

Na usiseme: siwezi. Mwezi wa Ramadhani unakaa saa zaidi ya 12 kila siku bila moshi, siku 29 ao 30, na hukufa. Mchana unauweza. Umebakiza usiku.

Kama umeteleza ukavuta moja, usingoje Jumatatu wala mwezi mpya. Rudi saa ile ile. Mlango wa toba haufungwi kwa kuteleza. Mtu anaufunga mwenyewe kwa kukata tamaa.

Kuna wenye kuhitaji msaada zaidi. Katika famasi za miji mikubwa huenda ukapata chingamu ao plasta ya nikotini ya kupunguza hamu; kutafuta dawa ni sunna. Mwenye mimba, mgonjwa wa moyo, ao anayejiona huzuni imemzidi, aende kwanza kituo cha afya. Na anayekohoa zaidi ya juma mbili asisingizie sigara: apimwe kifua kikuu, maana tumbako inaufungulia ugonjwa huo mlango.

Ninyi mlio karibu naye: msimcheke, msimpulizie moshi usoni, msimpe moja ya urafiki. Na baba, usimtume tena mtoto wako kununua sigara. Njia uliyomfundisha kwenda butiki leo ataijua kesho kwa miguu yake.

Mwisho, piga hesabu. Sigara 10 kwa siku ni 3.650 kwa mwaka. Tutaulizwa mali tuliitumia katika nini, na mwili tuliuchakaza katika nini. Zile franka ziweke kila jioni katika kopo. Baada ya siku tatu lifungue mbele ya watoto, uwanunulie madaftari. Wao pia walisubiri pamoja nawe.

Ee Mwenyezi Mungu, wape nguvu ndugu zetu wanaoanza leo. Uwafanyie mepesi siku yao ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ponya vifua vya wagonjwa wetu, linda watoto wetu, na uiletee nchi yetu amani. Amin.

Wa-akhiru da'wana anil-hamdu lillahi Rabbil-alamin.

(Tafadhali usiisome karatasi hii wakati imamu yuko juu ya mimbari. Usiitupe chini, ina majina matukufu. Ukimaliza, mpe jirani anayevuta.)